Kitovu Changu Chini ya Mwasumini

Usiku wa jana, mkoba wangu ukiwa umeshafungwa na kutundikwa msumarini, niliota jembe limekaa kwenye kiti changu linakunywa chai.

"Umeamka?" likaniuliza.

"Bado. Ndiyo kwanza nimelala."

"Basi tuna muda. Mimi kazi yangu ni asubuhi."

Kazi yenyewe niliijua. Ngoja nieleze mambo yalivyokuwa kabla sijalala, maana ndoto nayo ina pa kuanzia.

Dada yangu Mwantumu anakaa katika nyumba ya wazazi wetu hapa Korogwe, na mbele ya baraza pana mwasumini. Si mti wa kutisha, unanifika kifuani tu, lakini ukichanua jioni, mtu anayepita na shida zake barabarani husimama kunusa. Mama aliupanda siku kilipodondoka kitovu changu. Alichimba shimo, akakizika, akasimika mche juu yake, kama ilivyo desturi ya kwetu, ili mtoto aende atakako lakini ajue pa kurudi.

Basi mimi nikaenda. Nimekata mkonge, nimepakia mabehewa Tabora, nimepika kwenye kambi za barabara huko Mpanda. Shule nimesoma kwa vipande, kipande hapa na kipande kule, kwa walimu walionionea huruma. Kila nikichoka hurudi nikakaa kando ya mwasumini mpaka miguu ianze kuwasha tena. Sina nyumba, sina shamba, na mke niliyekuwa naye alichoka kuningoja. Nikiulizwa kwenu wapi, naonyesha ule mti.

Sasa mti unaungua. Majani yanakauka nchani kwanza, ukavu unatambaa kingoni, yanakuwa ya kahawia kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, halafu yanapukutika. Mwaka huu haukutoa hata ua. Mwantumu amehangaika nao. Kila asubuhi anaumwagia maji aliyooshea samaki, kama mama alivyokuwa akifanya, na kila asubuhi hali inazidi. Jirani yetu, Mzee Shemweta, alikuja na bomba lake la mgongoni akapulizia dawa ya wadudu. Akarudi akapulizia dawa ya ukungu. Jana jioni aliukagua tena, akatikisa kichwa.

"Mwantumu, huu ng'oa. Ugonjwa gani mimi siujui, lakini ukivuka ua utamaliza na milimau yangu."

"Mimi nilikuwa nasema mti huu utanizika."

"Basi wewe ndiye utakayeuzika."

Dada hakucheka. Shemweta alipoondoka alinigeukia. "Kaka, nitaung'oa kesho asubuhi. Nisingependa uwepo."

"Sitakuwepo. Nitaondoka na gari la kwanza."

"Uende wapi?"

"Sijui bado."

"Na ukitaka kurudi?"

Nikaenda kufunga mkoba.

Ndiyo hivyo nikajikuta na jembe. Linapuliza chai yake taratibu, mpini umeegemea ukuta.

"Mimi sina ugomvi na mti wako," linasema. "Mimi ni hukumu tu. Kesi haijasikilizwa, lakini hilo si kosa langu."

"Isikilizwe basi."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Umesoma?"

"Kwa vipande."

"Haya. Kanuni ya kwanza ya jani linaloumwa inasemaje?"

Hiyo nilikuwa nayo. Alinifundisha nyapara mmoja wa kitalu cha miche huko Lushoto, mtu aliyeongea na miche zaidi kuliko na sisi. Jani likiumwa usilitazame usoni, aliniambia. Geuza, utazame chini yake.

"Geuza," likasema jembe.

Nikashika jani la mwasumini, nikaligeuza. Dunia nzima ikageuka nalo.

Niko upande wa chini wa jani. Nimening'inia kichwa chini na kofia haidondoki. Ardhi ni ya kijani, ina vinyweleo laini vinavyotekenya nyayo. Kuna benchi refu, na kwenye benchi wamekaa wadudu wa kila namna, wametulia kama watu wanaongoja kung'olewa meno. Mbele yao limesimama bomba la Mzee Shemweta. Limevaa miwani.

"Wote wana hatia," likasema bomba. "Niliwapulizia, na hakuna aliyekana."

"Walikuwa wanakohoa," nikasema. "Wa kwanza."

Akaja Kiwavi, mnene, anatembea kwa kujikunja na kujikunjua. Nikamwambia afungue kinywa. Akafungua. Nikachukua jani lililoungua, nikalipima na meno yake, juu na chini.

"Bwana, mimi nikila naacha tundu," akasema, kama fundi aliyesingiziwa kazi mbovu. "Hilo jani lina tundu? Ukingo wake umekatwa? Huo umechomwa. Mimi sina hata kiberiti."

"Hujawahi kuula mti huu?"

"Niliwahi, mwaka ule wa mvua nyingi. Niliula sana. Ukachipua, tukasameheana."

"Kaa pale. Wanaofuata."

Wakaja Vidukari, wale wadogo wa kijani, ukoo mzima, wamebebana migongoni. Walisema kwa pamoja, kila mmoja neno lake. "Sisi twanyonya tu. Tukinyonya jani hujikunja, tena hunata. Hilo linanata?"

Nikaligusa. Halinati. Wala halijajikunja.

"Basi tumepuliziwa bure," wakasema. "Bibi yetu amekufa na mrija kinywani."

Bomba likajifanya linasafisha miwani.

Mwishoni mwa benchi palikuwa na jicho kubwa, jekundu, peke yake. Nikaliuliza nalo linashtakiwa kwa kosa gani.

"Mimi ni husuda," likasema. "Huwa natajwa kila mahali. Mtaa huu ndiyo mara yangu ya kwanza kufika, na nimefika kwa kuitwa."

"Kaa na wenzako."

Kisha akainuka bibi wa kijivu, kajifunika mpaka puani. Kila alipokanyaga aliacha alama ya mviringo, kama kikombe cha chai kinavyoacha alama mezani. Huyo alikuwa Bibi Ukungu. Alilichukua lile jani, akalisogeza machoni, akaligeuza mara nyingi.

"Mjukuu wangu, mimi huanza popote panaponipendeza," akasema. "Leo katikati ya jani, kesho pembeni. Natia madoa, na madoa yangu yana duara. Huyu mnayemtafuta anaanza nchani siku zote, na anaanza na majani ya zamani, ya chini, ndipo apande. Hana papara. Mtu wa namna hiyo hakutoka nje. Anapanda na maji kutoka mizizini."

"Nitampataje?"

"Fuata mshipa."

Nikatangaza kwamba wote wako huru. Wadudu wakakumbatiana, wakachanganyikiwa miguu, ikabidi wasaidiane kuitambua.

"Na mimi nimpulizie nani sasa?" likauliza bomba.

"Ngoja," nikaliambia. "Una kazi bado."

Nikaufuata mshipa wa jani. Hatua chache tu, mshipa ukawa reli na mimi niko stesheni. Sisimizi mwenye kofia ya kazi akanyoosha mkono.

"Tiketi."

"Sina."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye kitovu changu."

Akanitazama tumboni. "Hicho hapo."

"Hili ni kovu. Chenyewe kiko chini ya mwasumini."

"Aa, yule mzee. Panda."

Treni inashuka ndani ya shina, gizagiza, inanukia mti mbichi. Kwenye reli ya pili imesimama treni ya kupanda, imejaa matone ya maji yamebanana mpaka madirishani. Kila tone limejitwika gunia kichwani.

"Mbona hamwendi?" nikawauliza.

"Tunakwenda, ila mzigo huu," tone moja likajibu. "Safari yetu ni mpaka nchani mwa jani. Tukifika tunapaa na upepo, gunia haliwezi kupaa. Basi tunaliacha pale pale. Anayefuata naye analiacha pale pale. Wewe fikiria ncha ya jani ilivyo nyembamba."

"Ndani kuna nini?"

"Hatufungui mizigo ya watu. Muulize mzee wa chini."

Nikashuka kituo cha mwisho. Ni chumba cha udongo, na kwenye kigoda kimekaa kitovu changu. Kimevaa kofia ya viua, ile ya kudariziwa. Kimekauka, kimekunjamana kama kipande cha tangawizi, lakini macho yake makali. Hatukuwa tumeonana tangu nikiwa mchanga.

"Shikamoo," nikasema.

"Acha hizo, sisi rika moja. Kaa. Nilidhani utanipita tena."

Nikakaa.

"Wewe umeona Tabora," kitovu kikasema. "Umeona Mpanda. Mimi nimeona mizizi na nyungunyungu. Sikulalamika. Mmoja azurure, mmoja akae, hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Lakini siku hizi hata kukaa kumenishinda. Tazama midomo."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikaangaza macho. Mizizi ya mwasumini ilikuwa imekaa mezani, mikubwa kwa midogo, kila mmoja na bilauri ya maji mbele yake, imejaa mpaka juu. Hakuna aliyekuwa akinywa.

"Kunyweni basi," nikaiambia.

"Tukinywa kiu inaongezeka," ukajibu mzizi mkubwa.

Nikachovya kidole katika bilauri, nikaonja. Chumvi.

Kabla sijasema neno, dari ikafunguka, yakamwagika maji beseni zima. Pamoja na maji akateleza samaki, kapasuliwa katikati, kafunguliwa kama kitabu, kavaa chumvi mwili mzima kama kanzu. Akajipangusa.

"Samahani," akasema. "Huwa namwagwa hapa kila asubuhi."

"Wewe si perege," nikasema.

"Mimi ng'onda. Perege walikuwa wa mama yenu. Walitoka mtoni hapo, wabichi, maji yao yana magamba na damu, mti ukanenepa. Perege wamekuwa adimu. Mimi nakuja kwa gari kutoka pwani, nimelala ndani ya chumvi kama mtu kwenye blanketi. Dada yako ananiloweka usiku kucha chumvi inipungue. Ikishanipungua anakwenda kuimwaga." Akaonyesha juu kwa pezi. "Pale. Kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi," kitovu kikasema. "Ndiyo maana sijawahi kupiga kelele. Utamwambiaje mtu anayekuletea kifungua kinywa kila siku kwamba anakuua?"

Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Ng'onda mwenyewe alikuwa anaona haya.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Chumvi iliyoingia na maji hutoka na maji," kikasema kitovu. "Maji matamu, mengi kwa mkupuo, na yawe na pa kutokea. Masika yalikuwa yakitusafisha. Masika ya safari hii yametunyunyizia tu. Kalete mto."

Nikatoka kuuleta mto.

Niko ukingoni. Mto Pangani umelala ubavu, unakoroma polepole.

"Inuka," nikauambia. "Una mgonjwa."

"Nina miadi na bahari."

"Bahari haiondoki. Pitia kwetu kwanza."

Mto ukafikiri. "Wewe ndiye yule uliyevuka darajani mara nyingi na mkoba?"

"Ndiye."

"Kila mara ulikuwa unakwenda upande wa pili."

"Leo nakwenda nyumbani."

Basi ukakubali. Nikavua kamba ya mkoba wangu, nikaufunga mto shingoni, nikavuta. Kiwavi akatangulia kushika kamba, anajikunja na kujikunjua, na kila akijikunjua mto unasogea. Vidukari wanausukuma kwa nyuma. Jicho la husuda linaangalia kona zisije zikatugonga. Bomba limekuja mbio, limemwaga dawa yake yote kwenye mtaro wa ndotoni, limejisuuza tumbo na kujijaza maji matamu, na linatembea kwa tahadhari kama mwanamke mwenye mimba.

"Sijawahi kubeba kitu kisichonuka," linasema, na miwani yake inaingia ukungu.

Tunaukokota mto katikati ya mji. Watu wanainua magunia yao kuupisha. Mzee Shemweta kasimama juu ya paa kavaa msuli.

"Huo mto unahamia?" anauliza.

"Unapita tu," namjibu.

Tunaingia uani. Mto unainama shinani mwa mwasumini, unaingia kichwa kwanza, unaingia mabega, unazidi kuingia. Ardhi inavimba. Kutoka chini nasikia sauti ya kitovu: "Yanaingia, hayatoki. Nazama."

Na hapo kunapambazuka. Jembe limemaliza chai. Linatoka barazani limejiinua, bapa lake linang'aa, linauendea mti.

Nikasimama mbele yake.

"Kesi imesikilizwa," nikasema.

"Na hukumu?"

"Chimba."

"Si ndicho nilichojia?"

"Usichimbe mti. Chimba mfereji. Anzia pale mizizi inapoishia, nenda mpaka mtaroni, yale maji yapate njia."

Jembe likabaki hewani. Nilisikia mpini wake ukilia kidogo.

"Tangu nitoke kiwandani," likasema, "sijaulizwa na mtu kama napenda kuchimba kitu kikae au kitu kitoke."

"Unapenda kipi?"

Linachimba. Linachimba kwa furaha mpaka udongo unaruka juu ya mabati, na mfereji unafunguka, na chumvi inaanza kutoka. Inatoka kwa miguu, nyeupe, imepanga mstari, imebeba masanduku yake. "Kwaherini," inasema. "Hatukukusudia." Ng'onda yuko mbele anaionyesha njia ya pwani. Chini ya ardhi mizizi inakunywa, nasikia mikupuo yao kama watu wa karamuni waliocheleweshewa chakula. Jani moja lililoungua linadondoka, linafuata jingine, na penye kila kikonyo kilichodondoka panatokeza jicho la kijani la chipukizi.

Kisha mwasumini unachanua wote kwa pamoja.

Korogwe nzima inanukia. Bibi Ukungu anajifunua uso anapiga vigelegele. Bomba linanyunyizia watu, na watu wanapanga foleni wanyunyiziwe. Wadudu wananibeba juu juu, Vidukari wameshika shati, Kiwavi ananifanyia mto wa kichwa, na mimi, mtu ambaye hakuna mji uliowahi kumlaki, nazungushwa uani kama bwana harusi. Jembe linacheza. Jembe halijui kucheza, lakini nani atalikataza.

Kitovu kimetoka shimoni kimepanda begani mwangu. Kinaangalia nje ya ua kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo barabara hiyo?"

"Ndiyo."

"Inakwenda wapi?"

"Kote."

"Na inarudi?"

"Inarudi hapa."

Kikatazama kwa muda mrefu, kofia ya viua imekaa upande. "Nimeiona," kikasema. "Nirudishe kazini." Nikakishusha. Kabla hakijaingia chini kilinigusa tumboni, pale tulipoachana. "Na wewe usisahau," kikasema.

Nikaamshwa na sauti ya maji yakicheza ndani ya beseni.

Kumekucha. Tumbo linaniwasha, lakini sikuwa na nafasi ya kujikuna. Nilitoka miguu mitupu. Jembe limeegemezwa ukutani. Mwantumu yuko mbele ya mwasumini, kanga kaifunga kiunoni, beseni limeinamishwa tayari.

"Usimwage," nikasema.

"Kaka, ni maji yake ya mwisho. Niache niuage."

"Umelowekea samaki gani?"

"Ng'onda. Kwani siku hizi hapa kuna samaki gani mwingine?"

"Mama alikuwa akiosha samaki gani?"

"Perege, wale wa mto—" Akakomea hapo.

Nilipiga magoti, nikakwangua udongo wa shinani. Ulikuwa na utando mweupe ambao sote tulidhani ni majivu yaliyopeperuka kutoka jikoni. Nikampelekea kwenye ncha ya kidole. Akaonja. Akatazama yale majani ya kahawia, akatazama beseni, akaliweka chini polepole kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Mimi huyu," akasema. "Kwa mkono wangu."

"Kwa mapenzi, Mwantumu."

"Mapenzi gani hayo ya kumkaanga mtu." Akacheka, akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Haya, dawa yake?"

"Maji matamu mengi, na mfereji wa kuyatoa. Wewe ndoo, mimi jembe. Jingine, hilo beseni lisije tena huku."

Nikaanza kuchimba. Jembe liliingia ardhini vizuri mno, lakini hilo siliandiki kama ushahidi. Mwantumu alikuwa amemwaga ndoo na ndoo, na maji yalianza kutambaa mferejini yakienda mtaroni, kichwa cha Mzee Shemweta kilipochomoza juu ya ua.

"Ndiyo mnang'oa?"

"Tunaosha," dada akamjibu.

"Mti unaoshwa?"

"Njoo utusaidie kubeba maji, Shemweta. Bomba lako lete pia. Ila ulisuuze kwanza."

Shemweta akatutazama kama watu walioamkia upande mbaya, lakini alikwenda kulichukua. Tulisikia analisuuza. Kwenye tawi moja la chini, jani la kahawia lilipobanduka mkononi mwangu, palikuwa na jicho la kijani, dogo kama kichwa cha sindano. Nikamwita Mwantumu alione. Alilitazama hata nikadhani atalibusu.

"Na gari la kwanza?" akaniuliza bila kugeuka.

"Limeshapita."

"Utapanda la pili."

"Mkoba nautoa msumarini. Mti huu utataka mtu wa kuumwagia mpaka uchanue."

Akachota ndoo nyingine, akaja na hoja yake. "Lakini kaka, habari ya chumvi amekwambia nani? Mimi nimekaa hapa miaka yote, na wewe unakuja na kuondoka."

Tumbo lilikuwa bado linaniwasha. Nikaingiza mkono chini ya shati nikajikuna, na ndani ya kitovu kidole kikagota kitu kigumu. Nikakitoa kwenye mwanga. Ilikuwa punje ya chumvi, ile ya mawe, yenye pembe.

"Nini hicho?" Mwantumu akaidaka vidoleni mwangu, na kwa vile asubuhi nzima alikuwa akionja, akaitupia ulimini kabla sijamzuia. Akaimumunya, macho kayafinya.

"Ng'onda," akasema.

Niliitoa wapi, sikumwambia.